Jicho la Kuvaa Kiatu

Jumamosi, Tbilisi, darajani kwa wauza vikuukuu,
Guram ametandika shuka juu ya boneti ya gari lake
na juu ya shuka, vijicho: vya shaba, vya bati, vya plastiki,
vilivyong'olewa kwenye kamera zilizokwisha kufa.
"Chagua, Mzevinari," anasema, akitema ganda la alizeti.
"Kutazama bure. Kutazama vizuri ndiko kunakolipiwa."

Kamera ninayo begani, nzito kama mtoto aliyelala.
Inchi nne kwa tano kila karatasi ya filamu,
na kila karatasi ni chakula cha mchana nilichokiruka.
Stendi siitaki. Vichochoro vya Sololaki
havina nafasi ya miguu mitatu,
na walinzi wa wale wanaojenga upya
wakiiona huuliza kibali.
Napiga nikiwa nimeishika mikononi, pumzi nimeibana.
Kioo cha nyuma, kinachoning'iniza nyumba kichwa chini,
hakinifai tena: filamu ikishaingia, kinapofuka.
Ndiyo maana natafuta jicho la pili,
la kuvaa kile kiatu kidogo cha chuma
ambacho fundi alinifungia juu ya kamera
na mpaka leo hakijapata mguu.

Hili ni pipa la lenzi tano. Nalizungusha, tak, tak,
lina kila upana isipokuwa wangu.

Hili jepesi, mistari yake myeupe yang'aa,
lakini lilikatwa kwa kamera ndogo, fremu yake ndefu;
picha zangu ni pana kiunoni.
Ningekuwa nakisia pembeni
kama mshonaji aliyepoteza futi.

Na hili, ee, hili safi. Ndani yake mna pimamaji,
kiputo kinacheza chini ya mto na kanisa.
Guram anataja bei kwa sauti ya chini,
kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani.
Nalirudisha polepole, kwa mikono miwili.

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Lenzi inalo,
na lenzi iko chini, jicho liko juu,
kati yao upana wa kiganja.
Mlima haujali kiganja.
Mtu aliye hatua mbili mbele yako anajali.
Baba alisimama kwenye roshani,
nilimwona mzima, kofia na yote,
kwa kijicho cha kuazima.
Kwenye filamu ni koti, vifungo,
mikono iliyoshika gilasi ya chai,
na mbao za sakafu, nyingi, ambazo sikuziomba.
Mwezi wa tatu tulimzika.
Mwezi wa saba roshani nayo ikashushwa.

"Na ile?"
"Ile? Ile si kitu. Ni waya."
Fremu ya waya, ya kukunja, haina hata kioo,
na nyuma yake kibati chenye tundu la kuchungulia.
Kibati kinapanda na kushuka kwenye reli yenye namba:
kwa mlima, chini; kwa mtu wa karibu, juu.
Nakipandisha. Kinakwama kidogo penye mita mbili.
Hapo mtu amekwaruza alama kwa msumari,
si mara moja, mara nyingi,
mpaka rangi imetoka na shaba imeonekana.
Sijui ni nani. Najua alisimama wapi.

Naweka jicho tunduni, namtafuta Guram.
Anaketi wima bila kuambiwa, anafuta midomo.
Kipara chake kinagusa waya.
Nainua kidogo,
namwachia kidole kimoja cha mbingu.

Mguu wa fremu ni mpana kuliko kiatu changu;
usiku nitaupiga tupa.
Anataka lari kumi na tano.
Nampa kumi na mbili, na ahadi ya picha.
"Picha gani?" anauliza.
"Yenye kichwa," nasema.